Kuku Walionyimwa Majani

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, chini ya mlonge mmoja mwembamba ambao kivuli chake hakijawahi kumtosha mtu mzima, ila hatujawahi kuulalamikia. Mbao alizipiga Nusu Saa, fundi seremala, aliyeahidi kulimaliza kwa nusu saa akalimaliza baada ya mvua kunyesha na kukatika. Ndiyo maana anaitwa hivyo, na ndiyo maana mguu mmoja ni mfupi. Upande wa mguu mfupi hukaa Redio, kinyozi, anayenyoa huku anatangaza habari za mtaa mzima, na kitufe cha kumzima hakijapatikana. Katikati ni kwa Kipenga, aliyekuwa mwamuzi wa mechi za mtaa mpaka goti lilipogoma, na sasa anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yake, hapo ng'ambo ya njia. Shangazi hakai kwenye benchi. Yeye ana kigoda, birika la kahawa na ulimi, na vitu hivyo vitatu vinamtosha. Mimi wananiita Soli. Kila asubuhi, kabla sijagusa kiatu cha mtu, nafuta nyayo za vumbi juu ya benchi, maana kuna watu mtaani humu wasiojua tofauti ya kiti na ngazi.

Siku hiyo sikuwahi kufuta. Nilifika nikawakuta wote wameshakaa, wanamngoja binti wa Kipenga. Huyo tumemwita Daktari tangu alipoingia chuo cha mifugo, na sasa yuko mwaka wa mwisho. Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa ni kuku wa baba yake. Alichuma majani ya mlonge wetu, ya matawi ya chini tu, akayakausha kivulini, akayasaga, akayachanganya na chakula cha kuku. Kisha akagawa kuku mafungu matatu. Banda la kulia kwa Kipenga lilikula chakula chenye majani. Banda la kushoto, lililotengwa na lile kwa waya tu, lilikula chakula kitupu. Fungu la tatu nalo lilikula kitupu, ila kwa kukosa nafasi liliwekwa nyuma ya kibanda changu. Alitaka kujua kama majani yanaiongezea damu nguvu. Amri ilikuwa moja: kila kuku ale cha gunia lake, asipewe kitu kingine hata punje. Wiki iliyopita alikuja na sindano, akawatoa damu kwenye mshipa wa bawa, akaipeleka chuoni, na leo alikuwa anarudi na majibu.

Damu ikisema sawasawa, angemaliza pamoja na wenzake na kwenda kuanza kazi kwenye shamba la vifaranga lililokwisha kumkubali. Isiposema, angerudia mwaka mzima, na nafasi ile ingekwenda kwa mwingine. Kipenga alikuwa ameshautangazia mtaa kwamba binti yake amemaliza, hata kabla damu haijafika chuoni.

Kipenga: Mbona simu hapokei?

Redio: Yuko njiani, mzee. Mtu mwenye majibu mazuri hapokei simu, anataka akuone uso wako.

Kipenga: Na mwenye mabaya?

Redio: Naye hapokei.

Shangazi: Redio, shika kikombe. Ukinywa angalau unanyamaza.

Nusu Saa: Yatakuwa mazuri hayo. Mabanda si nimejenga mimi?

Shangazi: Damu na mbao zako wapi na wapi?

Nusu Saa: Kuku akilala vizuri damu inatulia. Halafu si nilikuwa napita kila siku kukaza misumari?

Kipenga: Hilo kweli. Sijaona fundi anayeifuatilia kazi yake kama huyu. Kila siku na nyundo yake.

Redio: Na mimi nilikuwa napita kuchota maji.

Kipenga: Kweli, hata siku ambazo maji ya saluni kwako yalikuwa yanatoka.

Shangazi: Na mimi nilikuja kumwaga masalia ya kahawa kwenye mchicha wako. Ni mbolea hiyo.

Kipenga: Mimi nina majirani, jamani. Wengine wana watu wanaoishi karibu tu, mimi nina majirani.

Hapo wote watatu waliangalia vikombe vyao. Mimi nilidhani ni haya ya kusifiwa.

Redio: Wasiwasi wangu ni wale wa Soli.

Mimi: Wangu wana nini?

Redio: Mtu anafugaje kitu anachokikimbia?

Siwezi kuficha, mtaa mzima unajua: naogopa kuku. Nilipokuwa mdogo jogoo wa jirani alinifukuza mpaka ndani, nikaenda kukaa juu ya kabati hadi mama aliporudi. Tangu siku hiyo, kuku akigeuza kichwa na kunitazama kwa lile jicho lake la upande, mimi natafuta mlango. Nilikubali fungu la tatu kwa ajili ya Daktari tu, kwa sababu viatu vyake vya shule nilivishona mimi tangu vikiwa vinaenea kiganjani. Nusu Saa alitoboa ukuta wa nyuma akapitisha mabomba mawili ya plastiki, la chakula na la maji. Nikawa namimina upande wangu, wao wanakula upande wao, na hatukuwahi kuonana. Mlango wa kuingilia kwao uko ndani ya kibanda changu na una kufuli, na ufunguo alikaa nao Daktari, aliyekuja kila Jumamosi kufagia, mimi nikiwa nimeshatoka nje.

Mimi: Nilikuwa namimina kwenye bomba, nasikia wanadonoa, basi. Wamekula.

Shangazi: Hujawahi kuwaona hata mara moja?

Mimi: Nawasikia. Inatosha.

Nusu Saa: Huyu anafuga kwa simu.

Walicheka mpaka benchi likalalia mguu wake mfupi. Katikati ya kicheko hicho Daktari akatokea kwenye kona, mkoba begani, anatembea kama mtu asiye na haraka ya kufika. Siku zote akija huanza kwa lango la nyuma la kwao, moja kwa moja bandani. Leo alikuja benchini.

Daktari: Shikamooni.

Tuliitikia, na Kipenga akasogea kumpa nafasi.

Kipenga: Sema, mwanangu. Nani kashinda?

Daktari: Hakuna, baba. Sare.

Kipenga: Sare vipi?

Daktari: Kuku wa kulia, waliokula majani, damu yao ni nzuri. Imejaa chembe nyekundu, inapendeza. Nilifurahi sana. Halafu nikaona ya kushoto, nayo ni vilevile. Karibu sawa kabisa. Wale hawakula jani hata moja, sasa damu hiyo wameitoa wapi?

Nusu Saa alikohoa. Shangazi akauliza haraka kama anataka kahawa.

Mimi: Na wangu?

Daktari: Wako ndio wananichanganya kabisa, mjomba. Damu yao ni nyepesi kuliko ya wote. Si wagonjwa, ni wazima, lakini wako chini. Na chakula chao ni kilekile cha kushoto, nimekichanganya kwa mkono wangu.

Redio: Nilisema mimi.

Daktari: Mwalimu wangu ameniuliza swali moja tu. Kuku waliokula kitu kimoja wanakuwaje na damu mbili? Nikikosa jibu mpaka Jumatatu, kazi haipokelewi. Narudia mwaka.

Alisema bila kulia, na hiyo ndiyo ilituumiza. Kipenga alitoa mfukoni ile filimbi yake ya zamani, ambayo hatembei bila yake, akaitazama, akairudisha. Lakini benchi letu halijui kukaa kimya, na Redio ndiye aliyeanza.

Redio: Ni harufu. Majani si yalisagwa? Unga wake unaruka. Upepo wa hapa unavuma kutoka kulia kwenda kushoto. Wale wa kushoto wamekula kwa pua.

Daktari: Mjomba, damu haiongezeki kwa kunusa.

Redio: Hujawahi kupita karibu na jiko la jirani ukashiba?

Shangazi: Mimi nimepita. Niliondoka na njaa mbili.

Nusu Saa: Siyo pua. Ni waya. Mimi nilifunga waya mzuri, wanaonana. Wa kulia anamwambia wa kushoto, leo tumekula majani, yana ladha hivi na hivi. Wa kushoto anasikiliza. Usiku anaota. Sasa ndoto ikirudi kila usiku lazima iingie mwilini.

Redio: Kuku anaota?

Nusu Saa: Sasa akifumba macho anafanya nini?

Hapo alifika mteja, mtu mgeni kabisa, kiatu chake cha kulia kimefumuka kuanzia kidoleni mpaka katikati. Nilikipokea, nikampa kipande cha boksi akanyagie, akaketi pembeni ya benchi. Shangazi akamtilia kahawa bila kumuuliza. Mgeni akasikiliza, huku anasogea kidogo kushoto, kidogo kulia, anakwepa jua.

Shangazi: Mnazunguka tu. Huo ni wivu. Wa kushoto wameona wenzao wanapewa, damu ikawachemka. Na kitu kikichemka kinapanda. Maziwa hayapandi?

Nusu Saa: Yanapanda, halafu yanamwagika.

Shangazi: Ndiyo maana Daktari aliwahi na sindano.

Daktari alijaribu kujizuia, lakini tabasamu lilimponyoka. Baba yake alipoliona akapata nguvu.

Kipenga: Tulieni niseme kama mwamuzi. Timu hubadilishana upande kipindi cha pili. Usiku, taa imezimwa, wa kulia kaenda kushoto, wa kushoto kaja kulia. Wote wamekula majani, wote damu sawa.

Daktari: Baba, kila kuku ana pete yake mguuni. Ya kulia nyekundu, ya kushoto nyeupe.

Kipenga: Wachezaji si hubadilishana hata jezi?

Nusu Saa: Na waya wangu je? Wamevuka wapi?

Kipenga: Waya wako, fundi, unakazwa kila siku. Kitu kizima hakikazwi kila siku.

Nusu Saa akainama kuangalia mguu mfupi wa benchi utafikiri ameuona leo.

Daktari: Sawa. Na wa mjomba Soli?

Redio: Hao ni rahisi. Ni woga. Mtu anamimina chakula mikono inatetemeka, chakula kinashuka kwenye bomba kinatetemeka. Kuku kala woga. Damu imemkimbia.

Shangazi: Ikikimbia inakwenda wapi?

Redio: Miguuni. Ndiyo maana muoga anajua kukimbia.

Nilicheka pamoja nao, lakini iliniuma. Nilikuwa nimemimina chakula kile kwa moyo wote, kila siku, hata siku nilizokuwa na mafua. Na sasa ilionekana mtoto wa watu anarudia mwaka kwa sababu ya kabati nililopanda nikiwa mdogo.

Daktari: Jamani, nawashukuru mmenichekesha. Lakini naona sina njia. Nitaandika kwamba majani hayana kazi yoyote, na tofauti ya kuku wa mjomba ni matunzo. Siamini hivyo. Ila sina kingine cha kuandika.

Kipenga: Usiandike usichokiamini, mwanangu.

Daktari: Basi nipe cha kuamini, baba.

Kipenga akaishika tena filimbi mfukoni. Ndipo yule mgeni, aliyekuwa amejifunika kichwa kwa mkono, akajisogeza mbele.

Mgeni: Samahanini, mimi si wa hapa, nangoja kiatu tu. Mbona mnakaa juani? Majani ya huu mti yamekwenda wapi?

Ndugu msomaji, nimekaa na watu hawa miaka mingi. Nimeona Redio ananyoa na homa huku anatangaza. Sijawahi kumsikia akinyamaza kama alivyonyamaza pale. Shangazi alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Nusu Saa alikuwa bado ameinamia mguu wa benchi. Kipenga aliangalia nyumba yake kama mtu aliyesahau kufunga bomba.

Niliinua kichwa. Mlonge wetu ulikuwa fimbo tupu mpaka juu. Kwa kweli nilikuwa nimeona unapungua, na niliuliza.

Mimi: Redio, si uliniambia ni wadudu?

Daktari: Mimi nilichuma matawi ya chini tu. Wadudu gani, mjomba?

Redio: Wale... wakubwa wakubwa.

Nikakumbuka nyayo ambazo sikuwahi kufuta. Niliwaomba wote wasimame. Walisimama kwa shida, kila mmoja anataka awe wa mwisho. Kwenye ukingo wa nyuma wa ubao, ambapo hawakukalia, vumbi lilikuwa limelala vizuri, na viatu vya watu hawa wote nimevishona mimi.

Mimi: Hii ya raba ya gari ni ya fundi, nilimtilia kiraka hapa mbele. Hii ndogo yenye mistari ni ya Shangazi. Na hii iliyochongoka, mtaani humu ni kinyozi mmoja tu anayevaa viatu vya harusi siku za kazi.

Nusu Saa: Nilikuwa naangalia kama benchi liko imara.

Mimi: Kwa kusimama juu ya vidole?

Nusu Saa alivua kofia.

Nusu Saa: Daktari, nisamehe. Ule waya ni kosa langu. Ningeweka mbao, wasingeonana. Wale wa kushoto walikuwa wanawaona wenzao wanakula, na aliyewafanya waone ni mimi. Nikawa nachuma usiku Soli akishafunga, halafu napita mchana na nyundo, nawatupia tawi moja. Msumari sijakaza hata mmoja.

Redio: Tawi zima? Mimi nilikuwa natoa konzi tu. Ndani ya ndoo ya maji, jioni. Walikuwa wameacha kupiga kelele, Daktari. Mimi kelele naiweza. Kiumbe akininyamazia siwezi kuvumilia.

Shangazi: Nyote hamna akili, mnampaje kuku jani zima. Mimi nilikuwa nawakatakata kwanza.

Daktari: Shangazi, na wewe?

Shangazi: Jua likishazama. Nilijua hakuna mwingine mwenye huruma mtaa huu.

Daktari alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaona kitu kwenye ubao, katikati, nyuma ya alipokuwa amekaa baba yake. Ulikuwa unyayo mmoja, kisigino kimelika upande wa nje, kama kinavyolika cha mtu anayelikwepesha goti bovu.

Daktari: Baba. Na hiki?

Kipenga alitoa filimbi mfukoni, akaiweka juu ya benchi.

Kipenga: Mimi ndiye wa kwanza. Asubuhi, kabla mtaa haujaamka. Nilikuwa nawamwagia wa kulia, wa kushoto wakaja wote kwenye waya. Hawakulia. Walinitazama tu. Mama yako alipofariki mlikuwa wawili, wewe na kaka yako, na sufuria moja. Sijawahi kumpakulia mmoja mwingine akiwa anaangalia. Nilishindwa, mwanangu. Kila siku nilikuwa nasema leo ndiyo mwisho. Nikakuharibia.

Tulidhani atalia, yule binti. Mabega yalianza kutikisika, Shangazi akanyanyuka kumshika. Kumbe anacheka. Alicheka akaenda kuuegemea ule mti mkavu, akacheka tena, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa gauni.

Daktari: Asubuhi baba, mchana fundi, jioni kinyozi, jua likizama Shangazi. Wale wa kushoto walikuwa hotelini. Baba, ungeniambia ningekuwekea pazia.

Kipenga: Nisamehe.

Daktari: Nimeshakusamehe. Sufuria ile nami nimeila.

Halafu alinigeukia mimi.

Daktari: Na wa nyuma ya kibanda? Hao nani aliwapa?

Walitazamana. Redio akamnyooshea kidole Nusu Saa, Nusu Saa akatikisa kichwa.

Shangazi: Kule unapitaje? Soli anakaa mlangoni kutwa.

Redio: Halafu hawaonekani. Ningejuaje kama wana njaa?

Daktari: Mjomba, na wewe?

Mimi: Mimi niwape nini, mwanangu? Sijui hata wana rangi gani.

Ilimchukua muda kidogo kunikaribia, kwa sababu alikuwa anaruka. Alinikumbatia, mkono wangu mmoja una gundi na mwingine una kiatu cha mgeni, nikasimama hivyohivyo kama msalaba.

Daktari: Basi hawa ndio wasiokula majani. Hawa peke yao. Wa kulia walikula kwa kipimo, wa kushoto walikula bila kipimo, wa mjomba hawakula kabisa. Na damu ilikuwa inasema hivyohivyo tangu mwanzo. Mjomba Soli, wewe ndiye mtu pekee uliyefuata amri.

Redio: Kwa woga.

Daktari: Kwa chochote.

Alimpigia mwalimu wake palepale, amesimama katikati ya njia. Alimweleza yote, hakuacha nyundo, hakuacha ndoo, hakuacha kisigino. Hata sisi wa benchini tukasikia kicheko kinatoka kwenye simu. Alipokata, tulikuwa tumesimama wote, na yule mgeni kwa mguu mmoja.

Daktari: Amesema banda la kushoto nilitoe. Nilinganishe wa kulia na wa mjomba, na niandike kila kitu kilivyotokea, na majina ya utani ikibidi. Amesema haya ni ya kuku wetu tu, si ya dunia nzima, lakini kwa kumaliza yanatosha.

Kipenga: Unamaliza?

Daktari: Namaliza, baba. Na wenzangu.

Kipenga aliichukua filimbi kwenye benchi. Aliipuliza kama anavyopuliza mwamuzi mechi ikiisha, mara tatu, ya mwisho ndefu, mpaka watu wa ghorofa ya jirani wakachungulia dirishani kuuliza nani kafunga. Redio alikuwa ameshaanza kutangaza. Nusu Saa alimnyanyua Shangazi pamoja na kigoda chake, na Shangazi akamwambia amshushe, lakini hakumwambia kwa nguvu. Nilifurahi kiasi kwamba nilishona kiatu cha mgeni bila kukitazama, na mshono ukatoka mzuri kuliko siku zote.

Nilimpa kiatu chake. Alikivaa, akakikanyagia chini mara mbili, akashukuru. Lakini hakuondoka. Alikuwa anaangalia ukuta wa kibanda changu.

Mgeni: Na hao wa nyuma, wenye damu nyepesi, watapewa lini?

Tulimtazama Daktari.

Daktari: Damu nilishachukua. Sasa hivi mtu yeyote anaweza kuwapa.

Tulitazama juu ya mti. Kisha tukatazamana, na aibu ikatuingia wote kwa pamoja.

Sijawahi kuona benchi lile linaachwa tupu mchana. Redio alikumbuka mlonge mmoja nyuma ya ghala, akamsahau kabisa mteja aliyemwacha saluni tangu asubuhi amenyolewa nusu. Nusu Saa alikimbia kuchukua ngazi ya kweli. Shangazi alikwenda na kisu na ungo, na birika akamwachia mgeni alilinde, naye akalilinda, huku anajitilia. Kahawa yote iliisha hivyo. Kipenga hakuweza kukimbia, akabaki kwenye kona anaongoza magari yasiyokuwepo kwa filimbi.

Walirudi wamebeba matawi mpaka usoni. Walikuja nayo mpaka mlango wa nyuma wa kibanda, Daktari akafungua kufuli, halafu wote wakasimama. Nilidhani wanangoja niwapishe wapite. Kumbe walikuwa wananipisha mimi.

Kipenga: Ni wako, Soli. Wape mwenyewe.

Mimi: Nipitishe kwenye bomba?

Shangazi: Majani hayapiti kwenye bomba. Ingia.

Niliingia. Walikuwa weupe, kumbe, wote weupe, na wengi kuliko nilivyowasikia. Walirudi nyuma wakabanana ukutani, na nikaona kwamba nao wananiogopa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Kisha mmoja akajitenga na wenzake. Alikuja hatua kwa hatua mpaka karibu na kiatu changu, akageuza kichwa, akanitazama kwa lile jicho la upande. Hakulia. Alinitazama tu.

Nikapiga magoti nikampa. Tawi lilipokwisha nilinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikaomba lingine, na lingine, na ndipo nikaelewa kwa nini mti wetu umebaki fimbo.